Cyclops, Mke Aliyetelekezwa na Deni la Mwandishi

Msomaji wetu wa Tabata, Dar es Salaam, ameuliza hivi: "Shikamoo mwalimu. Mimi na rafiki yangu tunasoma katuni za X-Men na Avengers, timu za mashujaa wa Kimarekani, kwa zamu, kwa sababu kila kitabu tunakichangia wawili. Tumegombana wiki nzima. Mimi nasema waandishi wanaharibu wahusika: Cyclops, kiongozi wa X-Men, alikuwa mtu wa heshima, kisha akaja mwandishi mwingine akamfanya amtelekeze mke na mtoto mchanga. Mwenzangu anasema mwandishi ana uhuru wake, na shabiki asiyeridhika aache kusoma. Nani yuko sahihi? Na katika mfululizo uliodumu zaidi ya miaka 60, tumhukumu mwandishi kwa kipimo gani?"

Marahaba, mdogo wangu. Nimefundisha na kuhariri hadithi za picha kwa miaka mingi hapa mjini, na swali hili huletwa kwangu kwa sura nyingi, lakini mfano ulioutoa wewe ndio ambao mimi mwenyewe ningeuchagua, kwa hiyo nitakaa nao kwa muda mrefu kuliko mingine. Kabla ya hapo naomba tulitazame neno "kuharibu", kwa sababu mashabiki hulitumia kwa mambo yasiyofanana. Mmoja husema mhusika ameharibiwa kwa kuwa ameuawa, mwingine kwa kuwa amewekwa benchi miaka mitatu, mwingine kwa kuwa amebadilishwa mavazi. Haya yote yanaweza kuuma, lakini si lazima yawe makosa ya uandishi. Mhusika anayeishi miaka 60 bila kubadilika amegeuka sanamu, na hakuna anayelipa fedha yake kila mwezi ili kutazama sanamu.

Fikiria duka la mtaani kwenu. Muuzaji akiondoka na kuja mwingine, yule mpya anaweza kupanga rafu upya, akaacha kuuza mafuta ya taa na kuanza kuuza vocha, na hakuna atakayemlaumu. Lakini daftari analikuta juu ya kaunta, na mteja aliyeacha chenji yake jana ataifuata leo, wala muuzaji mpya hawezi kumjibu kwamba hizo ni habari za mwenzake. Mwandishi anayepokea mfululizo wa timu yuko katika hali hiyohiyo. Msomaji ameshawekeza humo machozi, hofu na matumaini yake, akaahidiwa kwamba yaliyotokea yana maana. Uhuru wa mwandishi mpya ni mpana sana, ila hauna kipengele kinachomruhusu kulichana daftari.

Hali hii huwachanganya wasomaji wa Kiswahili kwa sababu tumelelewa na hadithi za aina mbili nyingine. Ipo ile ya magazetini iliyokuwa ikiishia na neno "itaendelea", ambayo ilikuwa na mtunzi mmoja aliyeianza na kuimaliza, na ipo ile ya kuchekesha kama ya Madenge wa jarida la Sani, ambaye kila kisa humkuta mtoto yuleyule mtundu, asiyekumbuka bakora za kisa kilichopita. Katuni za timu za Kimarekani haziko huku wala kule. Wahusika ni mali ya kampuni, waandishi ni wapita njia, lakini kumbukumbu inapaswa kuwa moja. X-Men walianzishwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1963. Kuanzia 1970 hadi 1975 jarida lao lilikuwa likirudia tu hadithi za zamani kwa sababu ya mauzo hafifu. Kisha mwaka 1975 Len Wein na mchoraji Dave Cockrum wakaleta timu mpya, na muda mfupi baadaye kazi ya uandishi ikaangukia mikononi mwa Chris Claremont, aliyeishikilia kwa miaka 16 mfululizo, hadi 1991. Mapenzi mengi ya mashabiki kwa timu hii yalijengwa katika zamu hiyo moja ndefu, na ndiyo maana kila aliyekuja baada yake hupimwa kwa rula ya Claremont, jambo ambalo si haki daima.

Sasa tufungue toleo namba 201 la Uncanny X-Men, la Januari 1986. Profesa Xavier, mwalimu na mwanzilishi wa timu, ameondoka, na swali ni nani ataiongoza timu. Cyclops anaamini nafasi ni yake, ingawa mke wake, Madelyne, ndiyo kwanza amejifungua na anamtaka mume nyumbani. Mpinzani wake ni Storm, ambaye wakati huo hana nguvu zake: hawezi kuita upepo wala radi, amebaki na akili na mwili wake tu. Wanapambana katika chumba cha mazoezi, na Storm, kwa kujificha, kwa subira na kwa kumfahamu vizuri mtu aliye mbele yake, anamvua miwani ile inayozuia miale ya macho yake, na Cyclops hana la kufanya ila kufumba macho. Ameshindwa. Kila kitu katika kurasa hizo kimelipiwa mapema. Storm alipoteza nguvu katika toleo namba 185, mwaka 1984. Uongozi wake ulikuwa umejengwa kwa miaka. Na Cyclops anaondoka akiwa na wajibu ulio wazi, yaani kwenda kuwa mume na baba. Msomaji anafunga kitabu akiwa na huzuni kidogo kwa ajili yake, lakini pia anamtakia heri.

Mwezi uliofuata likatoka toleo la kwanza la jarida jipya, X-Factor, lililoandikwa na Bob Layton. Humo Cyclops yuko Alaska pamoja na mke na mtoto, simu inaita, anaambiwa kwamba Jean Grey, mpenzi wake wa kwanza aliyekufa, yuko hai, naye anaondoka. Hayo ndiyo unayoyalalamikia, na malalamiko yako ni ya haki kabisa. Kosa halimo katika mwanamume kumwacha mkewe, kwa sababu wanaume huwaacha wake zao duniani na hadithi inaweza kulieleza hilo kwa uzito. Kosa ni kwamba tendo hilo halikuzaliwa na Cyclops. Lilizaliwa na uamuzi wa kibiashara wa kuwakusanya tena wale wanafunzi watano wa mwaka 1963, Cyclops na Jean wakiwamo, katika jarida lao wenyewe, na mke na mtoto walikuwa kikwazo. Mhusika alisogezwa kama kiti kinachozuia mlango.

Na hata kurudi kwa Jean kuna historia ambayo shabiki anafaa kuijua. Alipokufa mwaka 1980, katika toleo namba 137, Claremont na mchoraji John Byrne walikuwa tayari wameandaa mwisho mwingine, ambamo angepokonywa nguvu zake tu na kubaki hai. Jim Shooter, mhariri mkuu, aliukataa, kwa hoja kwamba mtu aliyeteketeza sayari nzima yenye watu hawezi kuadhibiwa kwa kiasi hicho. Mimi naona Shooter alikuwa sahihi, na kwamba toleo lile limebaki mioyoni mwa watu kwa sababu ya ukali wake. Miaka michache baadaye njia ya kumrudisha ikapatikana: ingesemwa kwamba aliyeangamiza sayari hakuwa Jean mwenyewe, na kwamba Jean halisi alikuwa amelala muda wote huo chini ya maji. Wazo hilo lilibuniwa na Kurt Busiek alipokuwa bado shabiki tu, likapita kwa Roger Stern, likamfikia Byrne, likaingia kurasani. Kwa hiyo rafiki yako anaposema shabiki akae kimya, mwambie kwamba katika jambo hili shabiki hakuwa nje ya chumba. Fumbo lenyewe lilifumbuliwa kwa akili ya shabiki. Lakini tazama gharama yake: dhambi ya Jean, iliyokuwa kiini cha hadithi nzima, ilifutwa, na kifo chake kikawa kifo cha kitu kingine.

Nani alilipa? Madelyne. Ili Cyclops aweze kuendelea kuitwa shujaa, mkewe ilibidi ageuzwe. Katika kisa kikubwa cha Inferno, cha mwaka 1988 na 1989, ikafichuliwa kwamba Madelyne alikuwa nakala ya Jean iliyotengenezwa maabara na mtu mwovu, akawa mwovu yeye mwenyewe, akafa. Claremont, aliyemuumba akiwa rubani wa kawaida na mwanamke mwenye akili zake, alijitahidi kuufanya mgeuko huo uwe na uchungu wa kweli, na zipo kurasa humo ambazo hasira ya Madelyne ina haki zaidi ya utulivu wa wote wanaompinga. Hata hivyo hesabu ni hiyo: mume alikosa, mke akaadhibiwa. Hapa ndipo kipimo changu kinapoanzia. Nikimpokea mwandishi mpya sianzi kwa kuuliza kama amebadilisha kitu. Naangalia kama anakiri deni alilolikuta, kisha naangalia deni hilo analipeleka kwa nani.

Ukishika kipimo hicho utaona kwamba katika timu hizi wanaopelekewa bili mara nyingi ni wanawake, na utaelewa kwa nini mashabiki wengi wa kike wamekuwa wakali kwa miaka mingi. Mfano mbaya kuliko yote ninaoufahamu ni Avengers namba 200, ya mwaka 1980. Carol Danvers, mmoja wa mashujaa wa timu hiyo, anapata mimba isiyoeleweka, anajifungua mtoto anayekua mtu mzima kwa muda mfupi, naye mtu huyo anaeleza kwamba yeye ndiye aliyeipandikiza mimba hiyo huku akili ya Carol ikiwa chini ya ushawishi wa mashine. Mwishoni Carol anaondoka naye, na wenzake wanamuaga kwa furaha. Msomaji mmoja wa kike aliandika makala kali akiliita jambo lile kwa jina lake halisi, yaani ubakaji. Mwaka uliofuata Claremont, aliyewahi kumwandika Carol katika jarida lake mwenyewe, alipata nafasi ya kuandika toleo la mwaka la Avengers, namba 10. Hakufuta kilichotokea. Alimweka Carol mbele ya marafiki zake, akamwacha awaambie usoni kwamba alidhulumiwa, na kwamba wao, waliodai kumpenda, walisimama wakatabasamu. Nilipokisoma kisa hicho mara ya kwanza, kutoka katika nakala iliyochanika jalada niliyoinunua kwa wauza vitabu vya mitumba wa Posta, nilikaa nacho kimya. Sijaona mahali pengine ambapo mwandishi wa timu amelipa deni la mwenzake kwa uaminifu kama huo, na alilipa kwa kuwabebesha mzigo walioustahili.

Nisimnyime rafiki yako haki yake, kwa maana katika jambo moja ana hoja nzito. Wapo mashabiki wanaoita kila mabadiliko uharibifu, na laiti waandishi wangewasikiliza tusingempata Storm aliyemshinda Cyclops. Mwaka 1983, katika toleo namba 173, Storm aliyekuwa na nywele ndefu nyeupe na adabu ya kifalme anatokea amenyoa pande zote mbili za kichwa na kuvaa ngozi nyeusi, na Kitty Pryde, binti mdogo wa timu aliyemchukulia kama dada mkubwa, anashindwa kuvumilia na kukimbia kwa uchungu. Mwandishi alikuwa ameyaweka malalamiko ya wasomaji ndani ya hadithi yenyewe, akayapa uso wa mtoto anayeogopa kumpoteza mtu wake. Lakini tazama kazi iliyotangulia: Storm alikuwa ameshapigana kwa kisu na kiongozi wa watu wa mahandakini, akagundua ndani yake ukali asioujua, akakutana Japani na mwanamke aliyeishi bila hofu ya kufa. Nywele zilikuwa jambo la mwisho kubadilika. Hapo ndipo unapoujua uhuru wa mwandishi aliyeutolea jasho.

Storm ananigusa kwa sababu nyingine pia, ambayo nadhani wengi wetu wa Afrika Mashariki tunayo. Mama yake ni Mkenya, na mwaka 1975 Profesa Xavier anamkuta Kenya akiabudiwa kama mungu wa mvua, katika picha ambazo hazina uhusiano mkubwa na Kenya yoyote tunayoijua. Ni udhaifu wa kweli na haufai kufumbiwa macho. Ila mwaka uliofuata, katika toleo namba 102, Claremont alimpa kitu kidogo kilichomfanya mtu: utotoni, Cairo, jengo liliwaangukia, wazazi wakafa, naye akabaki amefukiwa chini ya kifusi kando ya maiti ya mama yake, na tangu siku hiyo hawezi kuvumilia kufungiwa mahali padogo. Waandishi waliofuata, hata wale walioshindwa mengine yote, wameiheshimu hofu hiyo. Mungu wa radi anayetetemeka ndani ya chumba chembamba ni jambo ambalo msomaji hulisubiri kwa miongo, na kila mwandishi anayelikumbuka anamwambia msomaji huyo kwamba muda wake haukupotea.

Yapo pia mambo ya ufundi ambayo shabiki akiyajua hupunguza hasira zisizo na mahali. Toleo moja huwa na kurasa 20 hadi 22. Timu ikiwa na watu wanane, na pambano likila kurasa nane, kila mmoja anabaki na ukurasa mmoja na nusu hivi kwa mwezi. Anayempenda mhusika wa saba atalia kila mwezi, na kilio chake si ushahidi wa uzembe. Paul Levitz, aliyeandika Legion of Super-Heroes yenye mashujaa zaidi ya 20, alikuwa na jedwali: kisa kikuu kikiwa mbele, kisa cha pili kinapewa kurasa chache, cha tatu kisanduku kimoja au viwili, yaani picha moja au mbili za ukurasa, kikuu kikiisha, cha pili kinapanda na kuchukua nafasi yake, cha tatu kinasogea, na kingine kinapandwa chini. Kwa njia hiyo hakuna aliyesahauliwa, hata asipoonekana. Ukitaka kujua kama mwandishi ameiweka kando nyota yako kwa makusudi au kwa kusahau, tafuta kisanduku hicho kimoja. Mhusika anayeonekana akipokea barua asiyoifungua yuko kwenye foleni, lakini ambaye hajatajwa kwa matoleo kumi huenda ameshasahauliwa.

Kwa Avengers kuna jambo la ziada. Captain America, Iron Man na Thor wana majarida yao, kwa hiyo mwandishi wa timu hawezi kuwaoza, kuwaua wala kuwabadilisha moyo bila ruhusa ya watu wa majarida hayo. Ndiyo sababu tangu 1965, waasisi walipojitoa na Captain America kubaki na Hawkeye, Quicksilver na Scarlet Witch, hisia za timu zimebebwa na wale wasio na jarida lao. Vision, shujaa mwenye mwili wa kutengenezwa, aliingia mwaka 1968 na kumwoa Scarlet Witch mwaka 1975, na ndoa hiyo ikawa moyo wa jarida. Mwaka 1989 John Byrne alimvunjavunja Vision na kumrudisha bila hisia, kisha akawafanya watoto wao mapacha wasiwe watoto halisi. Mwaka 2004 Brian Michael Bendis akalifungua tena daftari: Scarlet Witch anaikumbuka hasara ile, akili inampotea, na timu inaangamia kwa mikono yake. Mashabiki wamegawanyika hadi leo. Mimi nampa Bendis haki yake kwa kukumbuka deni la miaka 15, na namlaumu kwa kulipeleka palepale lilikopelekwa la Madelyne, yaani kwa mwanamke aliyedhulumiwa.

Ipo pia njia ya kufuta historia yote na kuanza upya kabisa, ambayo Legion wameipitia mwaka 1994, mwishoni mwa 2004 na tena 2019, naielewa kama biashara lakini siitetei. Humwezesha msomaji mgeni kuingia, na humwambia msomaji wa zamani kwamba chenji yake haipo tena.

Nawe pia, kama shabiki, una wajibu wako. Mwaka 1988 wasomaji wa Batman walipewa namba za simu wapige kura kama Robin wa pili, msaidizi wa Batman aitwaye Jason Todd, afe au apone, na kura 5,343 dhidi ya 5,271 zikamuua. Tofauti ilikuwa kura 72 tu. Hatuwezi kudai sauti kisha tukasema kila kibaya kimeandikwa na wengine.

Kuhusu ugomvi wenu, basi, wewe una haki kuhusu Cyclops, na mwenzako ana haki kuhusu uhuru, ingawa amekosea anapodhani uhuru huo unamwondolea mwandishi deni. Lisomeni toleo namba 201 la Uncanny X-Men na toleo la kwanza la X-Factor katika jioni moja, kwa kufuatana, mmoja akisoma kwa sauti na mwingine akifuatilia picha. Mkifika pale simu inapoita Alaska, mwekeni Cyclops kando kidogo na mumtazame Madelyne katika kila kisanduku alichochorwa, kwa sababu kuanzia hapo hadi Inferno hadithi inamhusu yeye kuliko mumewe.